Samaki wa mkaa kwa mtu wa presha

Februari ya Dar haina huruma. Jikoni kwetu Kigamboni ukiwasha moto unatoka umelowa kama uliyetoka baharini. Ndiyo maana kaskazi ikivuma mimi hulihamishia jiko la mkaa uani, chini ya mwembe, na mapishi ya jioni yanakwenda hukohuko.

Safari hii mama alikuwa amekuja kukaa nasi. Ana presha, na nesi wa kliniki alishamwambia chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, milo yote. Sasa mama ni mtu wa samaki wa kukaanga, na chumvi hutia kwa kiganja.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilinunua changu wawili Feri, nikavuka nao kwa pantoni, nikawapaa magamba na kuwaloweka kwenye ndimu tangu saa nane, eti viungo viingie. Kumbe ndimu inaivisha samaki: jioni nyama ilikuwa imeshakuwa nyeupe, inavunjikavunjika. Nikawabwaga hivyohivyo, maji yanachuruzika, juu ya wavu wa baridi, mkaa wenyewe bado unatoa ndimi. Kugeuza tu, ngozi yote ikabaki kwenye wavu.

"Mwanangu," mama akasema, "huyu umemchoma au umemchuna?"

Jumapili nikarudia. Nilimpangusa kila samaki kwa kitambaa hadi akakauka, nikamchanja mara tatu kila ubavu, kisha nikashindilia kwenye michanjo na tumboni rojo la ukwaju mzito, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi. Ukwaju ndio uliobeba kazi ya chumvi. Chumvi yenyewe nilitia nusu kijiko cha chai kwa samaki wote wawili. Mkaa niliuacha hadi ukavaa jivu jeupe. Wavu nikaupasha moto kwanza, nikausugua kwa nusu ya kitunguu maji niliyoichovya kwenye mafuta. Hayo ndiyo mafuta pekee ya siku hiyo.

Kazi ngumu ikawa kutomgusa. Mkono unawasha! Lakini samaki akishaiva upande mmoja hujiachia mwenyewe. Ukimwinua akashika, mwache. Ukwaju wa juu nilimpaka mwishoni, maana ukitangulia unaungua, na ndimu nikakamua sahanini.

Pembeni nilifukia biringanya zima kwenye makaa hadi ganda likawa jeusi, nikalimenya na kuliponda na kitunguu. Ndizi mzuzu zikachomwa na maganda yake. Kachumbari ya matango haikutiwa chumvi hata chembe, na hakuna aliyegundua.

Mama alikula kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Akahamia kichwani, akafyonza hadi macho, mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akapangusa vidole na kuniuliza kama dukani kwa Mpemba chumvi imeadimika.