Siku moja ya mwandishi wa riwaya, Helsinki, mwezi wa Desemba

Saa mbili asubuhi. Giza. Jua la Desemba huku huchomoza saa tatu na ushei, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Kahawa, barua pepe, kahawa tena.

Saa tatu. Leo haliandikwi neno jipya. Prufu, yaani kurasa za kukaguliwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa, zimefika, kurasa 320, na kesho zinatakiwa kwa mchapaji. Watu hudhani kazi hii ni kutazama theluji dirishani ukingoja maneno yashuke. Kumbe ni kuwinda vistari vinavyokata maneno mwishoni mwa mstari.

Kifini hubandika viambishi kama Kiswahili: talossanikin ni neno moja, yaani "hata nyumbani mwangu". Huunganisha na majina pia, yakawa marefu kupita kiasi, na programu ya kupangia kurasa huyakata mwishoni mwa mstari kwa kufuata silabi tu, bila kujua neno lina maana gani. Kaivosaukko ni mdomo wa mgodi: kaivos ni mgodi, aukko ni tundu. Likikatwa kaivo-saukko, linazaliwa fisimaji wa kisimani, na pengine hapo ndipo maiti inapotolewa mgodini.

Kumrekebisha si kuhamisha herufi moja tu. Mstari unasukumana na wa chini yake, aya inaongezeka mstari, na kipande cha maneno mawili kinabaki peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Basi unatafuta neno la kufuta ndani ya aya hiyohiyo, aya irudi urefu wake. Halafu unakagua upya vistari vyote vya chini, kwa sababu vimehama.

Katikati ya hayo, mfasiri wa Kiingereza anauliza: huyu hän wa sura ya tatu ni mwanamume au mwanamke? Hän ni yeye, basi. Mfasiri wa Kiswahili asingeuliza.

Mchana umepita, chakula hakijaliwa. Kuna fomu ya ruzuku pia, na ruzuku ya kazi ya miezi minne au zaidi huja na bima ya lazima ya pensheni huko Mela, taasisi ya bima ya wakulima, fomu nyingine. Tuzo ya Finlandia ni euro 30,000, lakini kwa riwaya moja tu kwa mwaka. Wengine wote tunaishi kwa ruzuku na fidia ya vitabu vinavyoazimwa maktabani.

Ukurasa wa 190, au 200. Macho sasa yanasoma kilichokusudiwa badala ya kilichochapwa, kwa hiyo aya zinasomwa kuanzia ya mwisho kurudi nyuma.

Usiku kurasa zinakwisha, safi. Linabaki jalada. Fisimaji yuko nyuma yake, mstari wa pili.