Vibao vinavyotazama juu

Karibu mwaka mzima nimekuwa nakipita kitu kimoja kwa baiskeli bila kukitilia maanani, kinguzo cha njano pembeni ya mtaro nje kidogo ya mji wa Groningen huku Uholanzi, na juu yake kibao kimeinamishwa kama paa la banda la kuku, kina namba kubwa lakini ukiwa barabarani huzioni sawasawa mpaka upinde shingo. Nikawa najiuliza nani huyu kaweka kibao ambacho mpita njia hawezi kukisoma. Alafu siku moja asubuhi helikopta ikapita chini chini, taratibu, inafuata usawa ule ule wa nguzo, moja baada ya nyingine mpaka ikapotelea kwenye miti. Hapo ndo nikaelewa, kile kibao mimi sikuandikiwa, kaandikiwa yule aliyeko juu.

Watu wengi wakisikia alama za ndege wanawaza yale mapira ya rangi kwenye nyaya kubwa za umeme. Yale ni tofauti kabisa, yanamkinga rubani asijigonge. Hivi vibao vinamsaidia aliyeko hewani kujua bomba au kebo iliyozikwa inapita wapi na amefika sehemu gani, kwa sababu ukiwa juu shamba la viazi linafanana na shamba la viazi. Anachotafuta hasa ni mashine. Akiona kijiko kinachimba karibu na mstari anasoma namba iliyo karibu, anaisema kwenye redio, na watu wa chini wanaenda pale pale sio kijiji kizima. Yani ile namba ndo kila kitu.

Na sio woga wa bure. Julai 30, 2004 pale Ghislenghien, Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lilipasuka, wakafa watu 24, wengine walikuwa wazimamoto waliokuja kwa sababu ya harufu ya gesi. Bomba lilikuwa limekwanguliwa na mashine kwenye eneo la ujenzi kabla ya siku hiyo, na aliyekuwa anapita juu ya udongo asingeona chochote. Mimi hiyo habari kila nikiikumbuka inanikaa kifuani.

Sasa mi ni mchoraji wa kujitolea kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, nilianzia Dar enzi za Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, tunachora mitaro na nyumba za mabondeni kwa ajili ya mafuriko, kwa hiyo baada ya ile helikopta nikaanza kuviweka vile vibao kwenye ramani kimoja kimoja. Tegi yake, yani lebo inayoiambia ramani hiki ni kitu gani, ni marker=aerial, alafu unaongeza utility=gas kama ni gesi, na namba ya kibao inakaa kwenye ref. Ukiwa nyumbani na picha za setilaiti utahangaika bure, picha za kawaida kila doti ni kama nusu mita hivi, kibao kinamezwa chote, labda ubahatishe kivuli cha nguzo jua likiwa limelala. Picha za droni ndo zinakionyesha vizuri. Vinginevyo ni miguu na baiskeli, unasimama, unapiga picha, unaandika namba.

Jambo ambalo naomba sana mnisikilize wachoraji wenzangu, usione nguzo mbili ukavuta mstari kati yake ukasema bomba hili hapa. Nguzo nyingi zinawekwa bomba linapokatiza barabara, mtaro au mpaka wa shamba, na pale katikati linaweza kuwa limepinda kukwepa kitu. Nguzo yenyewe wakati mwingine imesogezwa kidogo ili trekta ipite. Chora ulichokiona, nguzo kama nukta, basi. Bomba likiwa jipya ule mkwaruzo wa mtaro huonekana kwenye picha kwa misimu kadhaa, hapo unaweza kuchora mstari kwa ushahidi, ila majani yakishafunika usibuni.

Wengine wananiuliza kwa nini naweka hadharani vitu vya hatari. Jamani, nguzo imepakwa rangi kali na kuwekewa kibao ili ionekane! Anayeumia ni yule anayechimba akiwa hajui. Na ramani yetu haimpi mtu ruhusa ya kuchimba, huku mwenye mashine ni lazima kisheria atoe taarifa ya KLIC kwanza, yani ataje kwenye mfumo wa taarifa za mabomba na kebo anataka kuchimba wapi, apewe michoro kutoka kwa wenye mabomba na kebo.

Mawazo yangu muda wote yako nyumbani. Kwetu ni Mkuranga, na bomba la gesi kutoka Madimba kule Mtwara mpaka Kinyerezi, lile lililozinduliwa 2015, lina mamia ya kilomita. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, liko ardhini tangu 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola. Na lile la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443. Huo wote ni mkuza, yani ukanda wa ardhi la bomba, wa kulindwa, na mvua zikinyesha majani yanameza alama ndani ya wiki chache. Miaka ya nyuma mtaani kwetu greda la mkandarasi liling'oa nguzo za zege zinazoonyesha kebo ya faiba ilipozikwa wakati wa kupanua barabara, hakuna aliyezirudisha, mwezi uliofuata kijiko kikakata kebo pale pale tukakaa siku mbili bila mtandao.

Kwa hiyo nimemuomba mjomba, ambaye shamba lake linapakana na mkuza, anitumie picha za alama zilizo upande wake. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba wangu. Hizi nguzo una shida nazo gani?"

Nikamweleza yote, helikopta, namba, Ubelgiji. Akanyamaza kidogo, akasema moja ipo lakini imefunikwa na upupu, atavaa gamba buti aende kuifyeka kesho asubuhi kabla jua halijakali, nimwambie tu asimame upande gani ili namba ionekane.

Nimemwambia asimame upande wa barabarani, jua likiwa mgongoni kwake.