Siku moja maishani mwangu: mratibu wa utafiti wa usonji

Saa 1:30 asubuhi. Nahakiki fomu za jana kabla familia ya kwanza haijafika. Tunatumia M-CHAT-R, hojaji ya kuchuja dalili za usonji (autism), yenye maswali 20 ambayo mzazi huijibu kuhusu mtoto wa miezi 16 hadi 30. Makosa hujirudia kwenye swali la 2, la 5 na la 12. Hapo jibu la "ndiyo" ndilo lenye alama, yaani linaloashiria uwezekano wa usonji. Kwenye mengine 17 ni "hapana". Msaidizi akisahau, mtoto wa alama 2 anaweza kuandikiwa 5, na mzazi akalala na hofu isiyo na sababu. Kwa hiyo kila fomu huhesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake.

Saa 3:00. Kikao cha kutafsiri hojaji hiyo, kazi ninayoithamini kuliko zote. Wapo watafiti wa vyuo vikuu viwili, watafsiri, wazazi wa watoto wenye usonji, na mtu mzima mwenye usonji. Wazazi na mwenzao huyo wanalipwa kwa saa zao kama wataalamu wengine. Kuwaita waje kuidhinisha tu kilichokwisha kuamuliwa si ushirikiano.

Mtafsiri mmoja anatafsiri, wa pili asiyeyaona maswali asilia anayarudisha katika lugha ya kwanza, kisha tunalinganisha. Lakini sentensi inaweza kurudi sawasawa na bado isimfae mzazi. Swali la kelele linatoa mfano wa mashine ya kufyonza vumbi: nyumba isiyo nayo itajibu nini? Swali la kunyoosha kidole ni gumu zaidi. Kuna jamii ambazo watu huelekeza kwa midomo au kidevu. Mama anajibu "hapana" kwa ukweli kabisa, na mtoto anapata alama asiyostahili. Hatubadilishi mfano wowote bila ruhusa ya wenye hojaji. Kisha wazazi wachache wanaisoma rasimu, nasi tunawaomba watueleze swali kwa maneno yao. Ukimuuliza mtu "umeelewa?", atakuitikia kwa adabu tu.

Saa 5:00. Familia zinaanza kuingia. Alama 3 hadi 7 zinahitaji kwanza mahojiano ya ufuatiliaji, swali kwa swali. 8 na kuendelea, mtoto anapelekwa moja kwa moja kwenye tathmini kamili. Ridhaa inaelezwa kwa mdomo katika lugha ya nyumbani, pamoja na kwamba kukataa utafiti hakumwondolei mtoto huduma. Mkalimani asiwe ndugu, hasa dada mkubwa wa mtoto: mama hatasema yote mbele ya binti yake.

Saa 8:00 mchana. Tathmini ya ADOS-2, kipimo ambacho mtaalamu humtazama mtoto akitafuta dalili za usonji, dakika 40 hadi 60 za michezo na mazungumzo. Moduli, yaani toleo la kipimo, huchaguliwa kwa umri na kiwango cha usemi, na hapo ndipo mtoto wa lugha mbili huonewa: akipimwa kwa lugha anayoisikia shuleni tu, anapewa moduli ya chini yake. Kutazamana machoni nako kunahitaji uangalifu pale ambapo watoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Alama za ADOS-2 peke yake hazitoshi kusema mtoto ana usonji. Tunahitaji historia ya ukuaji na kipimo cha usikivu.

Wazazi huuliza kama waache lugha yao nyumbani. Hapana. Lugha mbili hazisababishi usonji wala hazicheleweshi usemi, na mtoto anayenyimwa lugha ya bibi yake anapoteza watu wa kuzungumza naye.

Saa 10:30 jioni. Majina yanafungiwa mbali na takwimu. Kwenye jedwali inabaki namba tu. Naandika matokeo kwa ukurasa mmoja, katika lugha ya familia, yakianza na yale mtoto anayoyaweza. Kwa kila aliyeonekana kuhitaji huduma, nampigia mzazi simu leo hii, tunakubaliana kliniki na tarehe, halafu ndipo nafunga faili lake.