Diski ya kilo za watu

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, amri ilitoka kwamba mitaa kumi ya Goma ihame, na Majengo yetu ikiwemo. Nilibeba mfuko mmoja mgongoni: mkate, mashati mawili, na diski ya USB niliyoifunga ndani ya kitenge cha mama. Tulitembea kuelekea Sake katikati ya watu, magodoro, mbuzi na chukudu zilizojaa mizigo. Kila mtu aliponigonga nilipeleka mkono nyuma kuupapasa mfuko. Ndani ya diski ile kulikuwa na kilo za watu, na hazikuwa na nakala mahali pengine popote.

Nieleze hizo kilo. Natunza hesabu za ushirika mdogo wa wakulima wa kahawa. Mkulima huleta kahawa yake nyekundu kituoni, karibu na ziwa, inapimwa, na mama mpimaji anaandika kwenye kaye, daftari lake: jina, tarehe, kilo. Siku hiyo mkulima hulipwa sehemu tu ya pesa. Sehemu ya pili hutoka miezi baadaye, kahawa ikishauzwa, na inagawanywa kwa kilo. Kilo zikipotea, malipo ya pili yamepotea, na yale ndiyo hulipa shule ya watoto. Kwa hiyo tuliporudi mjini nilihamishia hesabu zote kwenye seva ya kukodi, kompyuta iliyo mbali ninayoifikia kwa intaneti, wanayoiita klaudi, ili nisizibebe tena mgongoni.

Nilidhani nimemaliza. Mwaka juzi, msimu ukiwa umepamba moto, seva ilielemewa. Nikaunda nyingine kubwa zaidi, nikafuta ile ya zamani, nikiwa na hakika kwamba data ipo klaudi. Haikuwepo tena. Seva huzaliwa na diski yake ya kuwashia, ile yenye mfumo unaoiwasha, na kwenye Google Cloud ninayoitumia, usipobadilisha chochote, diski hiyo hufutwa pamoja na seva yake. Hifadhidata yangu ya PostgreSQL, programu inayotunza hesabu zote, ilikuwa humo humo. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Tulikaa jioni nne na mama mpimaji, yeye akisoma kaye, mimi nikiandika upya. Kurasa mbili zilikuwa zimelowa mvua na wino umetapakaa, ikabidi tuwapigie simu wakulima kumi na mmoja, mmoja mmoja, kuwauliza walileta kilo ngapi. Tulipojumlisha majibu yao na kulinganisha na jumla ya siku iliyoandikwa ukurasa uliofuata, tofauti ilikuwa kilo 3. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekumbuka kilo zao kuliko seva yangu.

Tangu hapo data haikai tena kwenye diski ya kuwashia. Inakaa kwenye diski ya kudumu, iliyoundwa peke yake, yenye jina lake. Diski ya namna hii haiko ndani ya seva. Seva huifikia kwa mtandao wa ndani wa kituo cha data. Seva ikifa, diski inaweza kubaki bila seva yoyote, ikisubiri.

Naiunda kwa terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa gcloud, programu ya amri za Google Cloud. Ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari unakula megabaiti zangu za simu, na mtandao ukikatika katikati sijui kama nimebonyeza au sijabonyeza. Amri ni mstari mmoja wa maandishi. Kesho nitausoma tena na kujua jana nilifanya nini. Ninazo zote kwenye faili moja zikiwa na tarehe, kama kaye ya mama. Hii ndiyo iliyoanza yote:

gcloud compute disks create kahawa-data --size=20GB --type=pd-balanced --zone=europe-west1-b

Gigabaiti 20 zinanitosha. Kilo ni tarakimu tu, na nafasi kubwa inachukuliwa na picha za kurasa za kaye. Unalipia ukubwa ulioutaja, hata diski ikiwa tupu, hata seva ikiwa imezimwa. Kuikuza unaweza wakati wowote kwa amri ya resize, bila kuzima seva, kisha unaupanua mfumo wa faili, mpangilio unaoiwezesha diski kutunza faili, kwa resize2fs. Kuipunguza haiwezekani kabisa. Basi anza na ndogo. Mara baada ya amri utaona onyo kwamba diski iliyo chini ya gigabaiti 200 inaweza kuwa na mwendo mdogo. Ni kweli, kwa sababu kasi ya diski hizi hupanda pamoja na ukubwa, lakini kwa kazi yetu sijawahi kuuhisi huo upole.

Kilichonikwamisha mara ya kwanza ni neno la mwisho. Diski ya kawaida ya aina hii huishi katika kanda moja, sehemu moja ya vituo vya data vya eneo fulani, na seva lazima iwe katika kanda hiyo hiyo. europe-west1 ni Ubelgiji, na kanda zake ni b, c na d, hakuna a. Seva yangu ilikuwa b, mimi nikaandika c kwa haraka, umeme ukiwa unakaribia kukatika. Diski ikaundwa vizuri, ikakataa kuunganishwa. Nikaifuta, nikaunda upya, halafu nikaweka kanda yangu kwenye mipangilio kwa gcloud config set compute/zone europe-west1-b ili isiwe jambo la kukumbuka usiku. Kisha:

gcloud compute instances attach-disk mizani --disk=kahawa-data --device-name=kahawa-data

Mizani ndilo jina la seva. Lile device-name mwishoni lina thamani kubwa kwangu. Ndani ya Linux, mfumo unaoendesha seva, diski mpya inaweza kuitwa sdb leo na kuwa na herufi nyingine baada ya kuwasha upya, lakini kwenye folda ya /dev/disk/by-id itaitwa google-kahawa-data daima. Diski huja tupu, bila mfumo wa faili, na amri ya kuifomati haiulizi ni kilo za nani zimo ndani. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza natazama lsblk, orodha ya diski zilizopo, nasoma ukubwa, 20G, naondoa mikono kwenye kibodi, nasoma tena:

sudo mkfs.ext4 -m 0 /dev/disk/by-id/google-kahawa-data

Ile -m 0 inarudisha asilimia 5 ambayo ext4, aina ya mfumo wa faili, humtengea mtumiaji mkuu. Kwa diski yangu ni gigabaiti nzima. Kinachofuata ni kuipachika kwenye /mnt/kahawa kwa mount, kisha kuandika UUID yake, namba ya utambulisho inayosomwa kwa blkid, ndani ya /etc/fstab, faili inayoiambia seva ipachike diski zipi inapowaka, pamoja na neno nofail. Bila neno hilo, siku diski haipo seva inaweza kugoma kuwaka. PostgreSQL nayo ina masharti yake: itengenezee folda ndogo ndani ya diski, usiipe mzizi wa diski wenye lost+found, folda ambayo ext4 huiunda yenyewe, na iwe mali ya mtumiaji postgres kwa ruhusa 700. Ikiona folda iko wazi zaidi ya inavyokubali, haianzi.

Jumapili moja usiku nilifanya jaribio ambalo liliniuma tumbo tangu asubuhi. Nilihesabu mistari ya mapimo: 4,318. Nikazima hifadhidata, nikachukua picha ya diski, yaani nakala ya vilivyomo wakati ule, kwa gcloud compute disks snapshot, kwa sababu kanda nzima ikipata ajali diski nayo imo humo, wakati picha huhifadhiwa nje ya kanda. Kisha nikaifuta mizani. Amri iliuliza kama nina hakika, ikanionya kuhusu diski zinazofutwa pamoja na seva. Diski uliyoiunda peke yake na kuiunganisha baadaye haimo kwenye hizo, isipokuwa wewe mwenyewe uamue. Nikabonyeza Y. Nikaandika gcloud compute disks list. Mstari mmoja: kahawa-data, 20, READY. Hakuna seva hata moja, na diski ipo.

Nikaunda seva mpya, nikaiunganisha diski, nikaipachika; safari hii mkfs sikuigusa. PostgreSQL ikawaka. 4,318.

Wiki iliyofuata mama mmoja, mkulima wetu wa zamani, alinisimamisha njiani Birere, ndoo ya mikate kichwani.

"Kijana, nasikia ulibadilisha mashine. Kilo zangu ziko?"

Nikatoa simu, nikafungua, nikamsomea tarehe kwa tarehe pale pale barabarani. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Nilipofika mwisho alitaja jumla kabla yangu: kilo 412. Ilikuwa 412.