Siku moja maishani mwangu: nesi mwanafunzi, ubao wa dozi na safari ya ng'ambo

Saa kumi na nusu alfajiri

Mafuta yashaanza kulia jikoni kabla hata ya adhana. Mamangu anapika mahamri ya kuuza na kazi yangu ni kusukuma unga kabla sijaoga, hilo halina mjadala hata siku nikiwa nesi mkuu wa serikali. Huku nasukuma huku nahesabu: leo Jumanne, safari ni Jumapili ya wiki ijayo, yaani siku kumi na mbili. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Tukikosa leo tuna kesho na Alhamisi, basi, baada ya hapo tukae nyumbani tule mahamri.

Tunaenda Pemba, wanafunzi kumi wa mwaka wa tatu na madam wetu, wiki mbili, kusaidia zoezi la kugawa dawa ya kichocho mashuleni. Mimi ni wa Likoni, kwa hivyo nikisema naenda ng'ambo watu wa mtaani wanacheka, "si ndiyo huko unakokwenda kila asubuhi na feri?" Haya, hii ni ng'ambo yenye pasipoti. Basi mpaka Lunga Lunga, kugongewa mihuri, Tanga, halafu meli.

Saa kumi na mbili

Nimepitia kwa fundi seremala kuchukua ubao wa dozi, ule wa kupimia urefu wa mtoto ujue umpe tembe ngapi. Ubao wenyewe ni mrefu kunishinda, umepakwa rangi mistari mistari, na nimeubeba begani na yunifomu yangu nyeupe katikati ya umati wa feri asubuhi. Wallahi hakuna mtu aliyenipita bila neno. "Nesi, huo ndio wa kuchapia wagonjwa wakikataa dawa?" Mzee mmoja mwenye baiskeli ya madafu akaniuliza kama nauza pazia. Feri kwa miguu ni bure lakini matatu ya upande wa pili si bure, makanga kaniangalia, kauangalia ubao, kasema huyo naye ni abiria alipiwe. Tumebishana mpaka abiria wengine wakachoka wakamwambia mwache dada wa watu bana. Nimelipa nusu.

Saa moja mpaka saa nne na nusu

Wadi. Hapa sitaki kukaa sana, ni siku kama siku zingine: kupokea ripoti ya usiku, vitanda, presha, joto, kufunga vidonda, inchaji akiita jina lako unaenda mbio hata kama hujui unaitiwa nini.

Ila leo wakati napima presha nimewakumbuka wale wanafunzi wa Ulaya waliokuja mwaka wangu wa kwanza. Walikaa wiki tatu hivi. Wengine walikuwa wazuri, walibeba mabeseni kama sisi. Lakini kuna mmoja alimpiga picha mtoto wa watu kitandani, mamake amesimama pale pale hajui aseme nini, na sisi wanafunzi wa hapa tukanyamaza manake mgeni ni mgeni. Ile picha sijui iko wapi leo. Sasa zamu hii mgeni ni mimi. Madam alituwekea sharti la kwanza kabisa kabla hata ya pasipoti: simu zinabaki kwenye mabegi, na hatuendi kufundisha mtu. Wapemba wanapambana na kichocho miaka na miaka, wana maabara yao ya utafiti pale Wawi, Chake Chake, tangu 2000. Sisi tunaenda kupanga watoto foleni, kuwapima urefu, kuandika, na kufanya tutakaloambiwa na manesi wa kule. Kuna wenzangu waliona hiyo kazi ndogo. Mimi naona ndiyo saizi yetu.

Saa tano asubuhi

Chanjo. Sababu ya kwenda wote kumi pamoja ni hii: chupa moja ya chanjo ya homa ya manjano mara nyingi hutoa dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu, iliyobaki inamwagwa. Kwa hivyo ukienda peke yako unaweza kuambiwa ngoja wenzako wafike. Sisi tumekuja na chupa yetu kamili, tumejipanga foleni, tunachekana nani anaogopa sindano, na ajabu ni kwamba wanaoogopa zaidi ndio wanaochoma wenzao kila siku.

Kituo sikitaji. Huyo aliyekuwa akijaza fomu alikuwa kwenye meza iliyo mlangoni kabisa, foleni imemgusa, na maswali akiyauliza kwa sauti ya kuuza samaki. "Una mimba? Unanyonyesha? Una virusi? Mayai yanakudhuru?" Maswali yenyewe ni ya haki, hii chanjo ina virusi hai vilivyopunguzwa makali, na kinga ya mtu ikiwa chini sana au akiwa na mimba lazima ufikirie kwanza. Shida sio swali, ni kuuliziwa pale mlangoni. Tulikuwa kumi pale, na nyuma yetu mabaharia watatu, wote masikio.

Mwenzetu mmoja, wa saba kwenye foleni, alipofikiwa akanyamaza. Sekunde chache tu, lakini sisi tunaosomea kuhesabu pumzi za watu tuliziona. Kisha akasema amesahau kitambulisho kwenye begi, akatoka. Hakurudi. Tisa tukadungwa, tukapewa kadi za manjano, ambazo siku hizi ni za maisha, tangu 2016 hazirudiwi tena kila miaka kumi kama zamani. Dozi moja ikabaki kwenye chupa. Baharia mmoja akaimalizia.

Saa saba

Chakula ni viazi karai na ukwaju chini ya mwarobaini nje ya chuo. Mkono wangu wa kushoto unauma. Yule aliyetoka kwenye foleni alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi, amekula viazi viwili akasema ameshiba. Kijana wa Voi, ambaye hana breki, akaanza "kwani wewe ulienda..." nikamkanyaga mguu. Basi tukahamia kwenye bajeti, ambako huwa hakuna mtu ana siri: nani hajamaliza mchango, nani aliuza kashata hosteli na faida ikaliwa. Mimi nimebakisha shilingi elfu mbili, mahamri yatazileta inshallah.

Saa nane mchana

Tuko kwenye kile chumba cha mazoezi chenye midoli ya plastiki isiyo na adabu, inayotukodolea macho tangu mwaka wa kwanza.

Ubao wa dozi kwa asiyejua: dawa ya kichocho ni prazikwanteli, tembe ya miligramu 600, na dozi hufuata uzito wa mtu. Lakini shule ina watoto mia kadhaa, mizani utaibeba ngapi, kwa hivyo unapima urefu, mtoto anasimama kando ya ubao, unaangalia kichwa kimegusa rangi gani. Sentimita 94 ndiyo tembe moja, 110 moja na nusu, 125 mbili, inapanda hivyo hivyo mpaka 178 na zaidi ni tembe tano. Aliye chini ya 94 unamrudisha darasani na pipi.

Kijana wa Voi akasimama, yeye anajua ana 171 manake alipimwa juzi tu. Ubao ukasema 166. Nikasimama mimi, nimepungua tano. Madam akasimama, naye kapungua tano, akasema hapana, mimi kuzeeka nazeeka lakini si kwa wiki moja. Kuugeuza ubao ndio tukaona: fundi, kwa wema wake, kaongeza kiguu cha sentimita tano chini ili usianguke, baada ya kumaliza kupima. Wema huo. Mtoto mwenye 127 angesoma 122, angepewa moja na nusu badala ya mbili. Nusu tembe inaonekana ndogo, lakini minyoo ikibaki mwilini ukoo unaendelea. Kwa hivyo ubao unarudi Likoni, na mbebaji mnamjua.

Halafu mazoezi ya kuuliza. Hapa ndipo nilipojiona hodari kupita wote, manake wenzangu wengine Kiswahili chao ni cha shuleni na mimi nimezaliwa nacho. Madam akajifanya mama wa miaka arobaini. Nikamsalimia, nikamkalisha, nikauliza, "Mama, mkojo wako una damu?" Madam akasema, "La." Nikauliza mwenza wake. "La." Nikauliza watoto. "La." Dakika mbili nimemaliza, nimefunga kalamu. Madam akaniambia, "Sasa mimi nina kichocho miaka mitano, na wewe umeniandika mzima."

Akatueleza kitu ambacho vitabuni nimekisoma nikakipita. Mayai ya huyu mdudu yana ncha kali kama mwiba, yanapasua kibofu yakitoka, ndiyo hiyo damu. Kwa wanawake yanaweza kujikita kwenye njia ya uzazi, anatokwa na uchafu, anatoka damu, anaumia, na akienda kutibiwa anaambiwa ni ugonjwa wa zinaa. Anatibiwa zinaa isiyokuwepo, nyumbani mume anauliza umeitoa wapi. Na mwenyewe alichofanya ni kufua nguo kwenye mto wenye konokono. Bahari haina kosa, konokono wa kichocho anaishi maji baridi, visima vya wazi, mabwawa, mito. Ndivyo ilivyo hata kwetu huku Kwale. Kwa hivyo huyo mama ukimuuliza kama karani wa mahakama atasema la, na ana haki yake.

Nilikaa kimya. Nikatupa jicho mwisho wa chumba. Mwenzangu alikuwa anaangalia dirishani.

Saa kumi jioni

Biashara Street mbio mbio, leso mbili na dira moja refu, tumekubaliana wasichana wote tutavaa nguo ndefu na kujifunika kichwa, wale wa Taveta wakiwemo, hakuna aliyelalamika ila kuhusu joto. Muuza duka akaniuliza huo ubao unauzwa.

Saa kumi na mbili, feri ya kurudi. Nimebanwa kati ya mkokoteni wa vitunguu na mwalimu wa madrasa, ubao umesimama wima kama mlingoti. Fundi nimemkuta anafunga. Nilipomweleza akacheka, akatoa msumeno, kiguu kikatoka dakika tatu, akasema "sasa ukianguka usinijie". Nikampima yeye mwenyewe ndipo nikaondoka.

Saa mbili usiku

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa nyanya mmoja Mpemba. Alivuka na babake kwenye jahazi la samaki, binti mdogo, hana karatasi hata moja, akaolewa hapa, akazaa hapa, na kitambulisho cha Kenya kakipata uzeeni, baada ya serikali kuwatambua Wapemba 2023. Nikimwonyesha pasipoti yangu, kadi ya manjano na barua tatu zenye mihuri anacheka mpaka anafuta macho. "Yote hayo ya kwenda kwetu?"

Shikamoo nyanya, marahaba mwanangu, nikamsimamisha kwenye ubao kwanza kwa mchezo. Kagusa 146, tembe mbili na nusu. Akasema mpe na ya kesho. Kisha nikamweleza yaliyonikuta mchana, akaniuliza nimeuliza vipi hasa, nikarudia. Akapiga ulimi.

"Mtu mzima humwambii mkojo usoni. Sema haja ndogo. Na usianze nayo. Muulize kaamkaje, watoto hawajambo, kala nini. Akikujibu kala nini, ndiyo kakukaribisha. Usipoambiwa, bado uko barazani."

"Na nyanya, foleni ni ndefu, watoto mia tatu."

"Watoto pima. Mimi nakwambia mama zao."

Akanihadithia kwamba utotoni wavulana walikuwa wakikojoa damu wanajisifu, ati wamekuwa wanaume, na wasichana wakiona damu wananyamaza, wanafua usiku. Hilo alilisema polepole. Sikuuliza zaidi. Nilikaa tu nikamchambulia mbaazi zake mpaka sinia likaisha.

Saa nne na nusu

Mkono umevimba kidogo, kijoto kipo, kawaida ya chanjo. Begi liko wazi kitandani: yunifomu mbili, dira, leso, daftari, sabuni, panadol, chumvi ya kunywa ukiharisha, mahali pa mahamri. Ubao umelala chini ya kitanda ncha ikatoka nje ya mlango, mdogo wangu ashajikwaa mara mbili.

Nimechukua simu. Nimeandika "mbona hukurudi kwenye foleni?" Nikaifuta. Nikaandika "kama ni mimba unaweza kuniambia". Astaghfirullah, hiyo nayo nikaifuta haraka kabla kidole hakijateleza.

Nikaandika: "Umekula?"

Imekaa. Tiki mbili. Anaandika, anaacha, anaandika.

"Bado. Kesho niletee mahamri mawili nikwambie."

Nimeenda jikoni kumwambia mamangu atenge manne.