Jibu la Baali

Kwaya za Ujerumani zina njaa ya sauti ya tatu. Sauti ya kwanza wanapanga foleni, besi hawakosekani, lakini mwanamume anayeweza kupanda juu bila kupiga kelele haulizwi mambo mengine. Ndiyo maana mwaka 1996, nikiwa mwanafunzi mgeni Leipzig, nilipokelewa kwenye kwaya ya kanisa moja la pembezoni mwa mji bila mtu kutaka kujua kama nasoma nota. Kusoma nilikuwa nasoma, ila si zile zao. Nimekulia kwenye kwaya ya usharika wa Kilutheri mlimani, Kilimanjaro, na nota zetu ni za sol-fa: d, r, m, zimeandikwa kwa chaki ubaoni, mwalimu anazifuata kwa fimbo na wewe unafuata fimbo. Waliponipa kitabu chenye mistari mitano na vichwa vyeusi vinavyoning'inia kama popo, nilijifungia chumbani na penseli nikaandika d, r, m chini ya kila kichwa. Mzee niliyekaa naye benchi moja, umri wake miaka sabini, aliona maandishi yale akadhani ni Kiswahili.

Tulikuwa tunajifunza Elias, yaani Eliya, yule nabii wa Biblia, oratorio ya mtunzi Felix Mendelssohn. Oratorio ni hadithi inayoimbwa mwanzo hadi mwisho na waimbaji wa pekee, kwaya na okestra, bila maigizo wala mavazi. Hii ina vipande 42, inachukua zaidi ya saa mbili, na maneno yake karibu yote yametolewa kwenye Biblia, na kisa chenyewe hasa kimetoka kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mwaka 1997 kila mtu Leipzig alikuwa anamwimba Mendelssohn, kwa kuwa tarehe 4 Novemba ilikuwa inatimia miaka 150 tangu afe, naye alifia mji ule ule akiwa na miaka 38. Nyumba aliyofia ilifunguliwa siku hiyo kuwa makumbusho. Kwaya yetu nayo, bila kupima ubavu wake, ikaamua kurekodi Elias nzima. CD zingeuzwa baada ya ibada, na nyingine tungeuziana wenyewe kwa wenyewe na ndugu zetu wenye huruma.

Yule mzee wa benchi langu alikuwa na sababu zake za kulipania jambo hilo. Mendelssohn alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa angali mtoto, na Wanazi hawakuujali ubatizo wake. Sanamu yake iliyokuwa mbele ya ukumbi wa Gewandhaus iling'olewa Novemba 1936, na muziki wake ukafungiwa. Mzee alikuwa mtoto wa shule wakati ule. "Mara ya kwanza kumsikia Eliya," aliniambia, "nilikuwa nimeshaota ndevu." Sanamu yenyewe mwaka ule tunarekodi ilikuwa bado haijarudi. Nakala yake ilisimamishwa mwaka 2008, mimi nimeshaondoka zamani.

Ni mzee huyo aliyeniponza, ingawa kwa wema. Alikuwa na santuri za Elias iliyorekodiwa Leipzig mwaka 1968: Wolfgang Sawallisch akiongoza okestra ya Gewandhaus na kwaya ya redio ya Leipzig, Theo Adam ndiye Eliya, Elly Ameling na Annelies Burmeister sauti za kike, Peter Schreier sauti ya tatu. Akaninakilia zote kwenye kaseti mbili za dakika 90. Kwa miezi minane kaseti zile ndizo zilikuwa mwalimu wangu. Nilizisikiliza kwenye tramu, jikoni, kitandani. Wenzangu walihesabu mapigo, mimi nikakariri. Nilifika mahali nikajua Theo Adam anavuta pumzi wapi.

Kazi ile inaanza kabla ya kuanza. Vyombo vya kupuliza vinalia mara nne, kwa uzito, halafu Eliya peke yake anasimama na kutamka: "Kama Bwana, Mungu wa Israeli, aishivyo, hakutakuwa na umande wala mvua miaka hii." Akishasema hivyo ndipo okestra inaingia, chini kabisa, kama watu wanaonong'onezana habari za njaa. Mwaka ule nilikuwa nayaelewa maneno yale zaidi ya nilivyotaka. Vuli ya 1996 ilikuwa imeshindwa nyumbani, na barua za mama, zilizochukua wiki mbili njiani, zilikuja na habari moja tu. Maji ya mfereji yalikuwa yanagawanywa kwa saa. Migomba imeinamisha vichwa. Usharika umefanya maombi ya mvua mara tatu, na mara ya tatu, aliandika, mchungaji alikuja na mwavuli ili kuonyesha imani, akarudi nao mkavu.

Sasa nieleze habari ya Baali, yule mungu ambaye manabii wake walishindana na Eliya kuona ni mungu yupi atajibu akiitwa, maana kisa chote kiko hapo.

Juu ya mlima Karmeli kwaya ndiyo manabii wa Baali. Mara ya kwanza tunamwita mungu wetu kwa heshima, sauti zimepanda juu ya sauti, kama watu wasio na shaka kwamba mwenye nyumba yupo. Eliya anawacheka: mwiteni kwa sauti kuu, labda anasafiri, labda amelala. Tunaita tena, kwa haraka zaidi. Anacheka tena. Mara ya tatu ni wazimu mtupu, watu wamejikata kwa visu, na mwisho wake kwaya nzima inapaza: "Gib uns Antwort!" Tupe jibu! Halafu kimya. Si kimya cha kupumzika. Mendelssohn amekiandika ndani ya nota, okestra yote imefunga mdomo. "Gib uns Antwort!" Kimya tena. Biblia inasema hapakuwa na sauti wala aliyejibu. Eliya ameshawatabiria hivyo kabla, na Mendelssohn hakuongeza neno, akapaacha wazi vile vile. Sijui mtunzi mwingine aliyeweza kumfanya mungu asiyekuwepo asikike vizuri namna ile.

Tulirekodi Jumamosi moja ya Novemba. Mashine ya kupasha joto kanisani ilizimwa, kwa kuwa ilikuwa inavuma na maikrofoni zinasikia kila kitu, kwa hiyo watu sabini tuliimba habari za jua kali tumevaa makoti. Wenye viatu vya visigino walivivua wakabaki na soksi. Kugeuza ukurasa kulikuwa na masharti yake: unaunyanyua kwa ncha ya kidole kabla, unausubirisha hewani, unaulaza. Tramu ilikuwa inapita nje, na ikipita, kilichoimbwa kinatupwa. Fundi wa sauti alijichimbia sakristia na mitambo yake, hatukumwona siku nzima. Tulimsikia tu kupitia spika ndogo iliyowekwa chini ya mimbari, akituambia kwa upole usio na huruma kwamba soprano wameshuka, tafadhali turudie.

Kabla ya Baali alitoa tangazo. Kanisa tupu linavuma kuliko kanisa lenye watu, alisema, kwa hiyo kwenye vile vimya tusikimbilie. Tuuache mvumo ufe wenyewe mpaka mwisho, ndipo mwalimu atupe ishara. La sivyo hataweza kukata na kuunga. Nilimsikia na nilimwelewa, Kijerumani changu kilishakomaa. Sikio lilielewa. Koo lilikuwa limekariri mengine.

Tukaimba kama watu waliopagawa. "Gib uns Antwort!" Mwalimu akakata, mikono yake ikabaki juu. Mvumo ukapanda hadi kwenye dari, ukazunguka, ukaanza kushuka. Hapo, ndani ya tumbo langu, kaseti iliendelea kuzunguka. Mwalimu yuko mbele yangu, mikono juu, hajatikisa hata kidole, na mimi namtazama usoni. Nikaingia.

"Gib!"

Peke yangu. Tena niliingia kwa ujasiri wote, maana mwalimu wangu wa Kilimanjaro alitufundisha kwamba mwoga wa kuingia ni mwizi wa wimbo. Dari likairudisha: ib, ib, ib. Mwimbaji wetu wa Eliya, bwana mkubwa wa kifua aliyekuwa anamenya chenza kwa siri akisubiri zamu yake, alisimama na ganda mkononi. Hakuna aliyepumua. Kisha spika ya chini ya mimbari ikakohoa.

"Asante," ilisema. "Baali amejibu. Tunarudia."

Kanisa likapasuka. Mwalimu aliketi chini kwenye jukwaa lake, nota amezifunika usoni, mabega yanamtetemeka. Ningekuwa na mahali pa kuingia ningeingia. Mara ya pili tulifika pale pale, kimya kikaanza kufa vizuri, na mama mmoja wa alto akaguna kwa kujizuia kucheka. Mara ya tatu ilipita tramu. Mara ya nne alto ni yule yule. Okestra ilikuwa imekodishwa kwa saa, na mtunza hazina wa kwaya, aliyekuwa anaimba besi, alikuwa anaitazama saa yake kwa namna ambayo hadi leo naiona. Elias ilipoimbwa mara ya kwanza Birmingham, tarehe 26 Agosti 1846, Mendelssohn mwenyewe akiongoza, vipande vinane vilirudiwa kwa sababu watu walivipenda mno. Leipzig tuliimba kimoja mara tano kwa sababu yangu.

Mara ya tano ilikubali. Mimi nilikuwa nimeuma midomo, na nakiri kwamba "Gib uns Antwort" ya mwisho sikuiimba kabisa.

Wakati wa mapumziko mzee wa benchi langu alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akaninong'oneza, "Uliingia pale pale anapoingia Sawallisch."

Nikamtazama.

"Ulikuwa sahihi kabisa," alisema. "Kwa mwaka 1968."

Mengine ya siku ile yamebaki vipande vipande. Mvulana aliyeimba mtumishi wa Eliya alikuwa na miaka kumi na moja, akasomea kitabu cha katuni kwenye ngazi za kinanda mpaka alipoitwa. Akapanda mimbarini. Eliya anamwambia, tazama kuelekea baharini, naye anajibu kwamba haoni kitu, mbingu ni shaba juu ya kichwa chake. Obo, chombo cha kupuliza kama zumari, inashika nota moja huko juu na kuing'ang'ania, ile nota nyembamba kama uzi, na wewe unasubiri. Hakuna kitu. Nilifikiria mwavuli wa mchungaji. Mtoto aliimba mara moja tu, safi, akarudi kwenye katuni zake. Lakini kilichonishika zaidi kilikuja usiku, saa tatu imepita, tulipokuwa tumechoka wote na kwaya imeruhusiwa kwenda. Wachache tulibaki. Bwana wa chenza aliimba "Es ist genug", pale Eliya anapokaa chini ya mretemu na kuomba afe: yatosha, mimi si mwema kuliko baba zangu. Selo, ile fidla kubwa, inaimba kwanza, yeye anafuata. Sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kazi ya kutwa na hakujaribu kuificha. Ukiniuliza, sehemu ya pili ya Elias ina sukari nyingi, malaika wanafuatana na malaika. Kwa ajili ya wimbo huo naisamehe yote.

CD ilitoka Pasaka iliyofuata. Niliifungua mikono inatetemeka, nikaenda moja kwa moja kwa Baali. Kimya ni safi kama maji ya kisima. Tangu siku ile hadi naondoka Leipzig, kwenye kwaya sikuitwa kwa jina langu. Niliitwa Bwana Baali, hata na mchungaji.

Nilirudi nyumbani likizo mwaka 1999, nikamwekea mama ile CD sebuleni, kwenye redio ya mdogo wangu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza kwa adabu nusu saa nzima, kisha akauliza, "Wewe uko wapi sasa? Mbona sikusikii?"

Nikapeleka mbele hadi kwa manabii wa Baali. Wakaita, wakaita, wakanyamaza.

"Hapo," nikamwambia.

"Hapo wapi? Si kimya?"

"Ndipo nilipokuwa. Wamenikata."

Ikabidi nimsimulie yote, pamoja na spika na ganda la chenza. Alicheka mpaka akauweka ungo chini. "Walau maskini Baali alipata mtu mmoja," alisema, akijifuta macho kwa kanga. Nilitaka kuzima, akakataa, akataka kujua kama mvua ilikuja. Basi tukaendelea: mtoto mimbarini, haoni kitu, haoni kitu, kisha wingu dogo kama mkono wa mtu. Na kwaya yote, na fidla zinazomwagika kutoka juu hadi chini bila kupumzika, tukishukuru kwamba nchi yenye kiu imenyweshwa. Mama aliacha kuchambua. Siku ile tunaimba maneno hayo na makoti yetu, huku mlimani mvua ilikuwa imeshaanza, na mimi nilikuwa sijui. Barua iliyonieleza ilifika Desemba.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Hiyo siyo ya Eliya," alisema. "Hiyo ni El Niño. Ilituchukulia mbuzi wawili na choo."