Bezaleli, Sarah Purser na Kipawa cha Kufundisha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 35:30-35, habari za Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Tukisoma hapo macho yetu hukimbilia dhahabu, fedha, shaba na vito, na mstari wa 34 tunaupita tu. Lakini ndimo Musa anamosema kwamba Mungu alimtia Bezaleli, pamoja na Oholiabu, moyo wa kufundisha. Kwa hiyo Roho aliyempa mikono ya ustadi ndiye aliyempa pia nia ya kuona mikono ya wengine ikiweza.

Mstari huo umenikumbusha Sarah Purser, mchoraji wa Ireland. Alizaliwa mwaka 1848 Kingstown, karibu na Dublin. Biashara ya baba yake ya kusaga unga ilipoanguka katika miaka ya 1870, ilimbidi binti ajitafutie riziki. Alikwenda Paris kujifunza uchoraji, akarudi Dublin, akawa anachora sura za watu wenye fedha zao. Wateja walimjia kwa wingi, na alichopata alikinunulia hisa, zikiwemo za Guinness, wale wa bia. (Najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Tusonge mbele.) Akawa mwanamke tajiri kwa jasho na akili yake.

Enzi hizo makanisa mengi ya Ireland yalikuwa yakiagiza madirisha ya vioo vya rangi kutoka Munich na Uingereza. Yalitengenezwa kiwandani: huyu anachora, yule anakata kioo, mwingine anapaka rangi, na hakuna kati yao anayeweza kusema dirisha hili ni langu. Edward Martyn, Mkatoliki mwenye mali, alikerwa na hali hiyo. Alitaka kanisa kuu la Mtakatifu Brendan kule Loughrea, kaunti ya Galway, lipambwe na Waayalandi wenyewe. Purser alikuwa Mprotestanti, lakini hilo halikumzuia. Mwaka 1903, akiwa ameshavuka miaka 50, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu pensheni, alifungua karakana Dublin akaiita An Túr Gloine, Mnara wa Kioo. Kazi ya kufundisha na kusimamia akampa Alfred Child, fundi kutoka Uingereza aliyeijua vizuri.

Kanuni ya karakana ndiyo iliyonigusa zaidi. Dirisha moja lilikuwa la msanii mmoja. Yeye ndiye aliyelibuni, akachagua vioo vyake, akachora nyuso na mikunjo ya mavazi kwa rangi inayochomwa tanurini hadi ishikamane na kioo, akaifuata kazi mpaka vipande vifungwe kwa madini ya risasi. Mungu naye alipomtaka Bezaleli, katika Kutoka 31 anasema amemwita kwa jina lake, akataja na baba na babu na kabila. Hakuagiza "mafundi kadhaa".

Na tazama majina yaliyopita humo. Michael Healy, kijana wa familia maskini ya Dublin, aliingia mwaka ule wa kwanza na akafanya kazi na karakana hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1941. Madirisha yake yako Loughrea hadi leo. Wilhelmina Geddes alitengeneza dirisha la kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, likapelekwa Ottawa, Kanada. Evie Hone, aliyeachwa na ulemavu na polio ya utotoni, alijiunga miaka ya 1930, na baadaye akatengeneza dirisha kubwa la kanisa la chuo cha Eton, Uingereza. Wanawake walikuwa wengi mle ndani, kama wale wa Kutoka 35:25 waliosokota kwa mikono yao nyuzi za hema.

Purser mwenyewe alibuni madirisha machache tu. Aliendelea na picha zake, na huku akitafuta oda, akibishana na mapadri na wachungaji kuhusu bei, na kulinda jina la karakana. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye neema ngumu. Kutoa fedha ili wengine wafanye kazi si jambo geni kanisani. Kutoa fedha kisha ukaacha kazi ibebe jina la mwingine, hapo wengi tunakwama. Tuna walimu wa kwaya ambao tangu waanze hakuna mwingine aliyewahi kuinua mkono mbele ya waimbaji, na akiugua mmoja, Jumapili hiyo kwaya haiimbi. Tuna mafundi mitambo wanaoficha hata namna ya kuwasha spika!

Purser alifariki mwaka 1943 akiwa na miaka 95. Karakana haikufa naye. Catherine O'Brien, mmoja wa wasanii wake, aliichukua na kuiendesha hadi alipofariki mwaka 1963.

Kwa wiki hii, soma Kutoka 35:30 hadi 36:7. Kisha mwombee kwa jina mtu mmoja ambaye ungeweza kumfundisha kazi unayoifanya kanisani, na kabla ya Jumapili umpigie simu.